Kishikwambi kipya cha bei chee au mtumba wenye jina?

Na Mwandishi Wetu

*Boksi linasema RAM GB 12, na kifaa chenyewe kinasema hivyohivyo. Vyote viwili vinaweza kuwa vinadanganya.*

Ingia duka lolote la simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, useme unatafuta kishikwambi cha mtoto wa sekondari. Kabla hujamaliza kueleza utakuwa umewekewa viwili juu ya kaunta.

Cha kwanza kiko ndani ya boksi linalong'aa, pamoja na kava, kibodi ndogo, kalamu na spika za masikioni. Ubavuni pa boksi pameandikwa kwa herufi nene: RAM 12GB, 512GB, Android 14, 5G. Jina la kampuni hujawahi kulisikia, na ukirudi mwakani huenda hutalikuta tena.

Cha pili hakina boksi. Ni iPad iliyosuguliwa kwa spiriti, kona moja imebonyea kidogo, na maelezo yake ni mafupi: mzigo wa Dubai, betri iko vizuri, haina tatizo.

Bei zao zinakaribiana mno, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Kwa maandishi ya boksi, cha kwanza kinashinda kwa kila kitu. Kwa jina, kinashinda cha pili. Mzazi aliyekuja na hela ya kifaa kimoja huamua ndani ya dakika chache, huku kioo kikimwonyesha video ya samaki wa rangirangi iliyowekwa makusudi kumvutia yeye.

Makala haya yanahusu dakika hizo, pamoja na jioni ya kwanza nyumbani ambayo wengi huipuuza: kufungua Mipangilio na kukielekeza kifaa kifanye kazi uliyokinunulia.

Kutoka San Francisco hadi kwa karani wa sensa

Steve Jobs alionyesha iPad ya kwanza mjini San Francisco tarehe 27 Januari 2010. Ilikuwa na kioo cha inchi 9.7 na ahadi ya betri ya saa 10, ahadi ambayo Apple imeirudia karibu kwa kila toleo tangu hapo. Mwaka huohuo Samsung ikaja na Galaxy Tab ya inchi 7 inayotumia Android, na soko likagawanyika katika kambi mbili ambazo zipo mpaka leo.

Watanzania wengi walikiona kishikwambi kikifanya kazi mlangoni kwao wakati wa Sensa ya Watu na Makazi, Agosti 23, 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba navyo, na hesabu ikatoka watu 61,741,120. Baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Kenya ilikuwa imetangulia: sensa yake ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi, na tangu 2016 serikali ilikuwa ikivisambaza shule za msingi, baada ya ile ahadi ya kampeni ya 2013 ya kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza.

Serikali ya Tanzania ilijaribu pia kuvifanya vinunulike. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka mmoja baadaye msamaha ukafutwa, hoja ikiwa kwamba mlaji hakuuona unafuu uliokusudiwa. Asilimia 18 ikarudi kwenye bei, na mnunuzi wa kipato cha kawaida akabaki na njia zilezile mbili: kipya cha jina geni, au kikuukuu cha jina kubwa.

GB 12 zisizokuwepo

Tuanze na boksi linalong'aa.

RAM hubeba kazi inayofanyika sasa hivi. Hifadhi hutunza mafaili na programu. Galaxy Tab A9+, kifaa cha bei ya chini cha Samsung kilichotoka Oktoba 2023, huuzwa kikiwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, au GB 8 kwa 128. Marekani kilianzia takriban dola 220. iPad ya kawaida ya mwaka 2025 ilitoka ikianzia hifadhi ya GB 128 kwa dola 349. Sasa jiulize kiwanda kisichojulikana kimetoa wapi GB 12 na GB 512, kikaongeza kibodi na kalamu, na bado kikauza chini ya hapo.

Majibu yako mawili. La kwanza ni halali kwa kiasi fulani. Kifaa kina RAM ya GB 4, kinaazima GB 8 kutoka kwenye hifadhi, kisha boksi linajumlisha na kuandika 12. Hata kampuni kubwa zina kipengele hiki cha kuazima. Tatizo ni kwamba hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo hizo nane za kuazima haziwezi kufanya kazi ya nane za kweli.

Jibu la pili ni wizi. Mfumo wa kifaa umechezewa huko ulikotoka ili utaje namba isiyokuwepo. Ukifungua Mipangilio, ukaingia sehemu ya Kuhusu kishikwambi, utakuta GB 512 zimeandikwa vizuri kabisa. Hata toleo la Android linaweza kuwa la kubandika. Ndiyo maana ushauri wa mtaani wa kuangalia kwenye Mipangilio hautoshi.

> Ukifungua Mipangilio utakuta GB 512 zimeandikwa vizuri kabisa. Ni maandishi tu.

Vipimo viwili hufanyika hapohapo dukani kwa bando dogo. Kwanza, pakua programu ya kusoma vipuri, kwa mfano CPU-Z, uangalie jina la prosesa. Ukikuta MT6580, hiyo ni chipu ya 3G ya enzi za Android 5. Haiwezi kubeba RAM ya GB 12, na neno 5G kwenye boksi hilo ni mapambo. Pili, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio yake, kisha sehemu ya Kuhusu. Pale huandikwa kama kifaa kimethibitishwa na Google au la.

Kuthibitishwa huko kunahusu usalama wako. Machi 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya HUMAN ilieleza kuhusu mtandao wa kihalifu uliopewa jina BADBOX 2.0, uliokuwa umeingia kwenye zaidi ya vifaa milioni moja vya Android visivyothibitishwa, vishikwambi vya bei rahisi vikiwemo. Vingine vilitoka kiwandani vikiwa tayari na programu hiyo haramu ndani yake. Juni mwaka huo FBI nayo ikatoa tahadhari kwa umma. Kifaa cha namna hiyo ndicho familia inataka kukiwekea barua pepe, picha na akaunti ya pesa za simu.

Wauzaji wa vifaa hivi nao wana lao la kusema, na si la kubezwa. Wanasema mteja wao hana hela ya kingine, na mtoto wa chekechea anayetaka nyimbo na herufi za kupaka rangi hahitaji prosesa ya maana. Ni kweli kwamba si kila chapa ngeni ni ya utapeli. Lakini anayenunua kitu duni akijua ni duni hakutapeliwa. Aliyeuziwa GB 12 za maandishi ametapeliwa, hata kama bei ilikuwa ndogo.

Kuna pia vifaa halali kabisa vinavyoleta mshangao wa aina nyingine. Vishikwambi vya Huawei vilivyotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 haviji na huduma za Google, kwa hiyo Play Store hutaikuta. Vile vya Amazon Fire, ambavyo hufika kama zawadi kutoka kwa ndugu walioko Marekani, navyo vinatumia duka la Amazon. Vipuri havina shida. Shida huanza pale shule inaposema masomo yote yako Google Classroom.

Mtumba nao una kufuli

Sasa iPad ya Dubai. Anayeiuza ana hoja nzito: kioo chake ni bora, prosesa yake ya miaka mingi iliyopita bado inaizidi mbio ile ya boksi linalong'aa, na Apple hutoa masasisho kwa muda mrefu. Yote ni kweli. Swali ni umri.

Geuza iPad usome maandishi madogo mgongoni. Kuna namba inayoanza na herufi A. Kwa iPad za kawaida zisizo za laini, A1822 ni ya mwaka 2017, A1893 ni ya 2018, A2197 ya 2019, A2270 ya 2020, A2602 ya 2021 na A2696 ya 2022. Mfumo wa iPadOS 26, uliotoka Septemba 2025, unakubali kuanzia ile ya 2020. Ya 2019 iliishia iPadOS 18, ya 2018 iliishia 17, na ya 2017 iliishia 16. Kifaa hakizimiki siku hiyo, lakini baada ya muda programu moja baada ya nyingine huanza kukataa kusasishwa, na mara nyingi za benki hazichelewi.

Kwa hiyo iPad mbili zinazofanana kwa sura, kwa kitufe cha duara na kwa bei ya mtaani, moja inaweza kuwa na miaka mbele yake na nyingine ikawa imeshafika mwisho wa njia. Tofauti iko kwenye tarakimu nne.

Kufuli ni jambo zito zaidi, na ziko za aina tatu.

Tangu 2013 Apple hufunga kifaa kwa akaunti ya mwenyewe. Ukikifuta chote, kikiwaka kitadai nenosiri la mmiliki wa kwanza. Android ikafuata na kinga kama hiyo kuanzia toleo la 5.1 mwaka 2015. Kufuli hizi zilibuniwa kuwakomesha wezi, na kifaa kinachodai nenosiri la mtu asiyejulikana kina historia ambayo hutaki kuinunua.

Kufuli ya tatu watu wengi hawaijui. Shule na kampuni za Ulaya na Marekani hununua vishikwambi kwa maelfu na kuviandikisha kwenye mfumo wa usimamizi wa mbali. Vikichakaa huuzwa kwa jumla, na wakati mwingine anayeviuza husahau kuviondoa kwenye orodha hiyo, au vimetoka kwa njia ambayo mwenyewe hakuiridhia. Kifaa kinafika Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi kikiwa bado mali ya wilaya fulani ya elimu. Fundi hukipitisha kwa ujanja, kinafanya kazi wiki mbili, kisha siku unapokifuta au kukisasisha linatokea jina la shule ya Texas likikuomba uingie kwa akaunti ya mwalimu.

> Kipimo ni kimoja: kifutwe chote mbele yako, kiunganishwe na intaneti, kiwashwe upya mpaka mwisho.

Kipimo chake ni kimoja tu. Kifutwe chote mbele yako, kiunganishwe na intaneti, kiwashwe upya mpaka skrini ya mwisho. Bila intaneti kipimo hicho hakina maana, kwa sababu kufuli hizi huthibitishwa kupitia seva.

Kama kishikwambi ni cha laini, kina namba ya IMEI. Bonyeza *#06# au itafute kwenye Mipangilio, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utaratibu uliowekwa na TCRA. Majibu yakija, linganisha jina la kifaa na kile ulichoshika. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016 wanakumbuka zilivyozimwa. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina IMEI, kwa hiyo kinga hii haikigusi.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS, kwa hiyo dereva au bwana shamba anayetaka ramani akiwa mbali na mtandao atafute ya laini. Na ukiiangalia afya ya betri kama ulivyozoea kwenye iPhone, hutaiona. Apple ilianza kuionyesha kwenye baadhi tu ya iPad zilizotoka 2024 na kuendelea. Washa video, ongeza mwanga mpaka mwisho, kaa nusu saa ukinywa chai hapo dukani, uone imepungua asilimia ngapi. Ikipoteza 20, mwachie mwenyewe.

Pima kwa karatasi

Wauzaji wote, wa kipya na wa mtumba, huuza inchi. Inchi hupimwa kona kwa kona, na kona kwa kona hakuna mtu anayesoma.

Mwanafunzi wa Tanzania atakitumia kishikwambi kusomea PDF kuliko kitu kingine chochote: mitihani iliyopita ya NECTA, notisi zilizopigwa picha, vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Karibu vyote vimepangwa kwa ukurasa wa ukubwa wa karatasi kama A4, yenye upana wa milimita 210.

Chukua Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7. Ikisimama wima, kioo chake kina upana wa milimita 113. Ukurasa wa A4 unabanwa hadi nusu na kidogo, na herufi zilizochapwa kwa ukubwa wa 12 zinaonekana kama za 6 na nusu, ndogo kama maandishi ya karatasi ya dawa. A9+ ya inchi 11 ina upana wa milimita 148, na herufi hizo zinakuwa za 8 na nusu. iPad ya inchi 10.9, ambayo kwa inchi imezidiwa kidogo, ina upana wa milimita 158 kwa sababu umbo lake ni pana zaidi, na herufi zinafika 9. Kwa maneno mengine, kifaa chenye inchi chache kinaonyesha ukurasa mkubwa zaidi.

Hilo linabadilisha mlinganisho wote. Kioo kirefu chembamba kinafaa filamu. Kioo kipana kinafaa kitabu. Mzazi anayenunua inchi 8 kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne ananunua kifaa cha kutazamia video, hata kama nia yake ilikuwa nyingine.

Aliyekwisha kununua kidogo asikate tamaa. Zima kifungo cha kuzuia mzunguko wa skrini, ulaze kifaa. Ile ya inchi 8.7 ikilala inakuwa na upana wa milimita 190, na herufi zinarudi karibu 11. Utasogeza ukurasa mara mbili badala ya moja, basi.

Uwezo wa kuongeza memori kadi nao uangaliwe. A9 na A9+ zina nafasi yake. iPad haijawahi kuwa nayo tangu 2010, kwa hiyo ukinunua ya GB 32, na mtumba una nyingi za hizo, ujue mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa.

Jioni ya kwanza

Kifaa kimefika nyumbani, kimewekewa protekta, watoto wamekizunguka. Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia: bando limekwisha, betri haikai, maandishi hayasomeki. Mengi ya hayo hutibiwa bila fundi.

Bando kwanza, kwa sababu ndilo linaloumiza. Kishikwambi cha Wi-Fi hutegemea hotspoti ya simu ya baba au mama. Simu inajua kwamba inatumia bando la kununua. Kishikwambi wakati mwingine hakijui. Kikiona Wi-Fi kinadhani kimefika kwenye intaneti isiyo na kikomo, na hapohapo kinaanza kusasisha mfumo, kusasisha programu 30 na kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. GB 2 za wiki zinaisha kabla ya taarifa ya habari.

> Kishikwambi kikiona Wi-Fi kinadhani kimefika kwenye intaneti isiyo na kikomo.

Dawa iko ndani ya jina la mtandao wenyewe. Kwenye Android fungua orodha ya Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, uchague kwamba ni mtandao unaopima data. Kwenye iPad gusa alama iliyo pembeni ya jina la mtandao, uwashe hali ya kutumia data kidogo, ambayo ipo tangu 2019. Kuanzia hapo kifaa kinajizuia kinapokuwa kwenye hotspoti hiyo, na kikifika kwenye Wi-Fi ya kweli, ofisini au kwa jirani mwenye faiba, kinajisasisha kama kawaida. Usizime masasisho moja kwa moja. Ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Video nayo ipunguzwe ubora kwa mkono. Netflix wenyewe husema HD hula hadi GB 3 kwa saa na ubora wa kawaida hadi GB 1. Kwa kioo cha inchi 8.7, ambacho hata HD kamili hakiwezi kuionyesha, hiyo tofauti ni hela inayomwagika bure.

Kwenye betri, tazama chaja kabla ya kulaumu kifaa. Betri ya A9+ ni ya mAh 7,040, sawa na wati-saa 27 hivi. Kwa chaja ya wati 15 inajaa kwa saa mbili na nusu au tatu. Kwa chaja ya wati 5, zile ndogo zilizobaki droo baada ya simu kufa, itachukua saa sita au zaidi, na mtoto akiitumia huku inachajiwa huenda isijae. Gharama ya umeme isimtishe mtu: uniti moja ya LUKU inaijaza mara 30 hivi, hata ukihesabu unaopotea njiani.

Mwanga wa kioo ndio mlaji mkubwa wa betri. Ushushe ndani ya nyumba, na muda wa kioo kujizima uwe dakika moja. Samsung nyingi zina pia mpangilio wa kulinda betri usiruhusu ijae zaidi ya asilimia 80 au 85. Uuwashe kama kifaa hukaa kwenye chaja kutwa nzima, kwa mfano cha kaunta ya duka. Mwanafunzi wa bweni anayechaji mara moja kwa siku auzime, anahitaji zote mia.

Ukubwa wa maandishi na ukubwa wa vitu kwenye kioo ni mipangilio miwili tofauti, na babu anayesoma magazeti atahitaji yote miwili. Android ina menyu za Kiswahili, na tangu Agosti 2017 kibodi ya Google inasikiliza Kiswahili na kukiandika. Bibi ambaye hakuzoea kuchapa anaweza kutuma ujumbe wa WhatsApp kwa kuongea. Waliokuwa na iPad walilazimika kusubiri WhatsApp yao rasmi mpaka Mei 2025, miaka 15 baada ya kifaa chenyewe kuzaliwa.

Mtoto akiachiwa

Mjadala mkali kuliko yote hauhusu bei. Unahusu kama mtoto apewe kabisa.

Mkoa wa Tanga una ushahidi ambao dunia iliutazama. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi karibu watoto 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, wengi wao hawajawahi kusoma shule. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania vilishiriki, na Google ilitoa vifaa 8,000 vya Pixel C. Programu zilikuwa za Kiswahili, vituo vya kuchajia vilitumia jua, na hapakuwa na mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilishuka kwa nusu. Mei 2019 timu mbili za watengeneza programu, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Watetezi wa vishikwambi hulitaja jaribio hili, na wana haki. Lakini waangalie vile vifaa vilivyopangwa: kazi yake ilikuwa moja, na YouTube haikuwepo.

Upande mwingine uko Los Angeles. Mwaka 2013 mamlaka ya shule za jiji hilo ilianza kugawa iPad kwa wanafunzi. Wiki chache baadaye wanafunzi wapatao 300, wengi wa sekondari ya Roosevelt, walikuwa wameshafuta profaili ya usimamizi na kuingia Facebook. Mwaka uliofuata mpango huo wa mabilioni ukasimamishwa.

Nyumbani huhitaji mfumo wa mamilioni. Android ina Family Link, ambayo mzazi huiendesha kutoka kwenye simu yake: saa za kutumia, programu zinazoruhusiwa, muda wa kulala. iPad ina Muda wa Skrini, na kipengele kinachofungia kifaa kwenye programu moja hadi mkubwa aweke namba ya siri. Kuvipanga kunachukua nusu saa. Fanya kabla mtoto hajakigusa, kwa sababu akishazoea uhuru, kuupunguza ni ugomvi wa nyumba nzima.

Ningenunua kipi?

Kwa mwanafunzi wa sekondari, hela ikitosha, ningechukua kipya cha inchi 11 cha kampuni inayojulikana, RAM isipungue GB 4, chenye nafasi ya memori kadi. Hela isipotosha, iPad ya mtumba yenye namba A2270 au zaidi, iliyofutwa na kuwashwa mbele yangu. Boksi la GB 12 ningeliacha hapo lilipo, hata kwa mtoto wa chekechea.

Wanaosimamia soko nao wana kazi hapa. Tume ya Ushindani imezoea kukamata nembo bandia. Boksi linalotaja RAM isiyokuwepo halina tofauti na nembo bandia, na kulipima ni suala la programu ya bure na dakika tano.

Nawe mnunuzi, nenda na bando kwenye simu yako, washa hotspoti, fanya vipimo hivi ukiwa umesimama kwenye kaunta, na udai risiti ya EFD yenye jina na modeli ya kifaa. Muuzaji akikukatalia kukiunganisha na intaneti kabla hujalipa, usinunue.